Wiki Tatu Boneti Wazi

Gari lilichemka kwenye mlima wa kutoka Ilemba, Jumamosi, nikiwa natoka kumwona mke wangu. Wakati huo yeye alikuwa na miezi saba kwao huko Ilemba, bondeni, akimuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja, na mimi nilikuwa na miezi saba nyumbani kwetu Chanji, mjini Sumbawanga, nikibishana na redio. Sitanii. Mtangazaji akisema Nyanda za Juu kutakuwa na baridi kiasi, mimi namjibu nikiwa na koti na soksi mbili mbili, "Kiasi cha nani?" Halafu nanyamaza kidogo, kana kwamba atajibu. Nimestaafu ukarani wa masjala. Miaka yote nilifanya kazi katikati ya watu wanaouliza faili langu liko wapi, nikiwaona wasumbufu, na sikujua kwamba ule usumbufu ndio ulikuwa mazungumzo yangu.

Nilikuwa nashuka Ilemba kila baada ya wiki mbili, na lazima kwa gari langu. Basi la huko hutoka mjini mchana, hulala bondeni, hupanda asubuhi. Anayeshuka kwa basi analala, na mimi sikuwa na pa kulala. Nyumba ni ya mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hukwepana: simtazami usoni, hanitazami, na neno lake kwangu hupitia kwa mke wangu kama vile sisi wawili tunazungumza lugha tofauti. Miaka ishirini na tisa ya ndoa namjua kwa sauti na kwa miguu. Kulala chini ya paa lake ni jambo ambalo hata kulisema ni kukosa adabu. Gesti ipo kijijini, lakini mkwe akilala gesti ametangazia kijiji kizima kwamba wakwe zake hawana pa kumweka. Basi nilikuwa natoka Sumbawanga alfajiri na kurudi jioni, siku moja, na heshima yangu mkononi.

Kwa kuwa ndani siingii, mimi na mke wangu tulikuwa tunakaa garini. Naegesha uani, tunafungua milango yote ili joto la bondeni lipungue, analeta chakula, tunakula kwenye viti vya mbele sahani zikiwa mapajani. Ananisimulia mama alivyoshinda, nani amepita kumjulia hali, nani hajapita. Namsimulia habari za Chanji, nyingine nimezitia chumvi ili zijaze saa mbili nzima. Kisha anaitwa ndani, nami nawasha gari. Ndoa yetu miezi ile ilikuwa viti viwili, na nilivipenda.

Siku ile mlimani maji yaliruka kutoka kwenye rejeta hadi kwenye kioo. Nilipanda kwa kusimama kila kona, nikiomba maji kwenye nyumba za watu, na nilipofika juu upepo wa uwandani ukanipiga, mshale wa joto ukashuka wenyewe, gari likaenda hadi mjini kama halijawahi kuugua. Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Tangu masika nilikuwa naongeza maji jagi moja moja kila asubuhi, nikisema gari la zamani lina kiu yake. Huku Ufipa wengi tunafanya kosa hilo. Kipupwe kinalipoza gari bovu mpaka mwenyewe unalisifia, na ugonjwa unausikia siku umeshuka bondeni ukataka kurudi.

Jumatatu nikafungua boneti uani kwangu. Chuma cha kuishikilia kilikatika zamani, kwa hiyo niliiegemeza kwa mpini wa fagio. Nikashika feni nikaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu, na kwenye kitundu kulikuwa na michirizi ya kutu. Beringi imekwisha, pampu inavuja, haina tiba ila kubadilisha. Kazi yenyewe si ya ajabu. Unamwaga maji, unatoa mkanda, feni na puli, unafungua bolti sita, unatoa pampu ya zamani, unafunga mpya. Fundi anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilisema nitaifanya mwenyewe, maana gereji nimewahi kuingiza gari lenye jeki likatoka halina.

Nilikuwa sijamaliza kumwaga maji kwenye beseni la kufulia la mke wangu, mtu wa kwanza akasimama. Jirani wa upande wa pili, ambaye kwa miezi saba tulikuwa tunapungiana mikono tu. "Pole na kazi, Karani. Vipi tena?" Akaja, akainama, akashika mpira wa rejeta akauminya. Akaja wa pili, mwenye pikipiki. Naye akauminya ule ule. Mpaka saa sita walikuwa watano, wameegemea mbavu za gari pande zote mbili, wanabishana kama ni pampu au ni gasketi ya silinda hedi.

Ndivyo tulivyo. Mtu akikaa ndani peke yake mlango umefungwa, tunasema amepumzika, tusimsumbue. Lakini akifungua boneti, mwanaume haruhusiwi kupita hivi hivi. Ni kama msiba, lazima usimame, utoe pole, ushike kitu. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye boneti za watu ambao sijui hata wanatoka ukoo gani. Ila nilikuwa sijawahi kuwa mfiwa.

Siku ya pili akaja mzee mmoja na kigoda chake mwenyewe. Aliendesha malori maisha yake yote, Tunduma, Mpanda, Kigoma, na sasa magoti yamekataa. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, na nakiri nilikuwa nadhani alishafariki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa una gari linaumwa na hujaniita."

Akaweka kigoda mahali penye jua, akavaa miwani, akaniongoza kwa fimbo. Bolti tano zilitoka. Ya sita, ile ya chini karibu na mpira, ilikataa. Nikaipiga spana, ikanicheka. Mzee akasema tusiilazimishe, ikikatikia ndani tutalia. Tuimwagie dizeli, tuiache ilale, kesho tuigonge kidogo kidogo. Ikalala siku mbili. Siku hizo mbili tulikunywa chai uani, ya moto kweli kweli, na mzee alinieleza jinsi alivyowahi kukwama wiki nzima kwenye matope ya Mpanda akiwa amebeba tumbaku. Hadithi haikuwa na mwisho. Sikuwa na haraka nayo.

Bolti ikatoka siku ya tatu, Alhamisi. Watu walipiga makofi. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na sijawahi kupigiwa makofi.

Pampu nilikuwa nimeshaagiza kwa mwenye duka la spea mjini, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa siku nyingi, ambaye anajua magari ya zamani ya Sumbawanga yote na wenye nayo. Aliiagiza Mbeya. Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, akanipigia: imefika. Nikaenda, nikaitoa kwenye boksi, nikazungusha puli kwa kidole, laini kabisa. Akanipa na gasketi na gundi. Akasema nimsalimie shemeji wa Ilemba, yaani mke wangu. Nikapitia sokoni nikanunua unga kilo tano, boksi nikaliweka chini ya unga kwenye mfuko, kwa sababu ndilo lilikuwa gumu.

Nakumbuka vizuri kona ya kuingilia kwangu. Nilipokunja nikaona uani kwangu, mimi sipo, watu wapo. Mzee yuko kwenye kigoda, wengine wameegemea gari langu lisilo na pampu, mmoja anasimulia kitu, na wote wakacheka kwa pamoja, kile kicheko cha watu waliozoeana. Nyumba yangu ilikuwa na sauti. Nikasimama kidogo kuisikiliza. Kisha mmoja akaniona, akainua mkono.

"Karani, imefika?"

"Bado," nikasema.

Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka huwezi kulirudisha mbele ya watu sita. Nikaingia ndani, nikatoa unga, nikasukuma boksi chini ya kitanda upande wa mke wangu. Nikatoka na vikombe.

Jioni mke wangu akapiga simu. Anapiga kila siku akishamlisha mama.

"Imefika?"

"Bado. Mbeya wanasema labda Jumatatu."

Hapo nilipanga. Tofauti naijua.

Nilijiambia ni siku mbili tatu tu. Jumatatu ikawa Alhamisi, na Alhamisi ikawa Jumatatu nyingine. Kila asubuhi jua likishavunja baridi, kwenye saa nne, nainua boneti naiegemeza kwa mpini wa fagio, nafunua matambara niliyoziba nayo mashimo, nakwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa kisu. Yale mabaki nilikwangua siku ngapi? Chuma kiling'aa mpaka ungeweza kujinyolea hapo. Wanakuja mmoja mmoja: pole na kazi, bado? Bado. Wanawalaumu watu wa Mbeya. Nami nawalaumu. Penye wengi pana mengi, na nilikuwa na njaa ya hayo mengi. Nilijua sasa nani ameuza mahindi mapema akajuta, nani binti yake amefaulu, nani hasemi na nduguye. Nikila usiku peke yangu nilikuwa na kitu cha kutafuna zaidi ya ugali.

Mke wangu alikuwa akiuliza kila jioni, nami nikawa hodari. Mara gari la mizigo limeharibika, mara wameleta isiyo yenyewe. Jioni moja katika wiki ya pili hakuuliza. Alisema tu, "Leo mama amenitemea uji wote. Nimembadilisha shuka mara tatu. Sijaongea na mtu tangu asubuhi." Nilisikia kuku kwa nyuma. "Ninachotaka ni kukaa kidogo kwenye gari."

Nilimwambia pole, nilimwambia wiki ijayo bila kukosa. Na wakati nasema, nilikuwa namaanisha. Asubuhi mzee akaja na kigoda chake na mihogo ya kuchoma iliyofungwa kwenye gazeti, amenunua kwa ajili yetu wote, na sikuweza kutoa lile boksi. Sitafuti kusafishwa. Naeleza tu lilivyokuwa: kati ya mtu ninayempenda aliye mbali na watu ninaowafahamu nusu walio karibu, nilichagua walio karibu, kila asubuhi upya, kwa siku kumi na mbili.

Njia ya mwongo fupi, lakini yangu ilikatwa na mtu ambaye hakukusudia. Jumatano ya wiki ya tatu simu ilikuja saa tano asubuhi, si saa yake. Nikaenda kuipokelea jikoni.

"Nimempigia yule wa duka la spea," mke wangu alisema. "Nilitaka kumbembeleza aiharakishe hiyo pampu. Nikafikiri labda wewe unaona haya kumsumbua."

Nilikaa kwenye gunia la mkaa.

"Ameniambia, 'Shemeji, mbona aliichukua Ijumaa ile? Mpaka leo hajafunga?'"

Ningeweza kusema gasketi ilichanika. Ilinijia, nakiri, ilikuja imeshavaa nguo. Lakini alikuwa ametaja Ijumaa kwa sauti ya mtu ambaye amehesabu.

"Ninayo," nikasema. "Iko chini ya kitanda."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanakuja."

"Watu gani?"

"Wa kuangalia gari. Wanakaa. Tunazungumza. Nikifunga boneti hawatakuja tena." Nikaongeza, kwa sababu nilikuwa mjinga na kwa sababu ilikuwa kweli, "Nyumba hii ni kimya mno, mke wangu. Huijui ilivyo."

Nje nilisikia mzee akikohoa na mtu akimcheka kwa kitu fulani.

"Mimi huku," akasema, "sina boneti ya kufungua."

Akakata. Nilipiga mara nne, haikupokelewa.

Nilikwenda chumbani, nikavuta boksi, nikatoka nalo mikononi wazi wazi, bila mfuko. Watu walikuwa watatu. Mwenye pikipiki akapiga mluzi, akasema hatimaye Mbeya wameamka. Mzee alingoja mpaka wale wengine walipoondoka kwenda shughuli zao.

"Nililiona siku ile ile," akasema. "Mfuko wa unga hauna pembe."

"Na hukusema."

"Nikwambie nini? Ufunge, kisha mimi nikakae wapi?" Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ila mimi mke wangu yuko makaburini. Wa kwako yuko Ilemba."

Tuliifunga wawili. Nilipaka gundi nyembamba, nikalaza gasketi, nikaisukuma pampu mahali pake, nikakaza bolti kwa kupishanisha, juu, chini, kushoto, kulia, kama alivyoniamuru, ili isikae upande. Puli, feni, mkanda. Mzee akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba akasema kaza kidogo, hapo basi. Tukajaza maji, tukawasha gari kifuniko cha rejeta kikiwa wazi mpaka hewa ikaisha kububujika. Hakukuvuja hata tone. Kazi yote ilichukua saa tatu. Nikauondoa mpini wa fagio, boneti ikashuka kwa kishindo, na mzee akainama akachukua kigoda chake. Tulipeana mikono kama watu wanaoagana stendi. Alhamisi na Ijumaa hakuna aliyesimama. Walipita, wakapunga mkono, nami nikapunga. Gari zima lililofungwa boneti halihitaji pole.

Jumamosi nilishuka Ilemba alfajiri. Nilibeba mchele, sabuni, dawa za mama za kuchua, na doti ya khanga niliyoichagua kwa muda mrefu kupita kiasi. Niliegesha uani, mahali pangu, nikafungua milango yote minne. Mke wangu akatoka. Alikuwa amekonda, shingo yake ilikuwa imetokeza mishipa ambayo sikuwahi kuiona. Alinisalimia vizuri, alipokea mizigo, aliuliza safari. Akaingia ndani, akarudi na sahani: wali, samaki wa bondeni, maharage. Sahani moja. Akaiweka juu ya kiti cha abiria, kwenye kiti chake, akaweka na maji ya kunawa, akasema, "Karibu chakula." Akarudi ndani.

Nilikula, maana kutokula kungekuwa tusi juu ya tusi. Sikumbuki ladha. Nilimsikia akisogea ndani, akivuta kitu, akizungumza na mama yake kwa sauti ya chini, akikaa tena. Joto lilikuwa kali na nilikuwa nimevaa koti la Chanji bila kujua. Nikamaliza. Nikanawa. Nikakaa na sahani tupu, na nikajua kwamba nilikuwa nimekivunja kile kitu cha viti viwili, na kwamba spea yake haiagizwi popote.

Hapo sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia la mlangoni. Haikuwa ya mke wangu. Ilikuwa nzito upande mmoja, inaburuza maneno, kwa Kifipa cha watu wazima wa bondeni.

"Mkwe."

Miaka ishirini na tisa hajawahi kuniita. Niliinamisha kichwa nikiwa ndani ya gari, peke yangu, hakuna anayeniona.

"Basi linafika hapa kila siku," akasema. Alipumzika kutafuta pumzi. "Mwezi wa kwanza kabisa tulikufagilia chumba kwa jirani. Kitanda kipo. Hukuuliza. Nikasema ni adabu, ana adabu huyu."

Nilishika usukani.

"Sasa nisikilize. Wa kukwepwa hapa ni mimi. Huyu umemkwepea nini?"

Kuku walipita chini ya gari wakatokea upande wa pili. Pazia halikutikisika. Alikuwa ananingoja, nami nilikuwa na jibu, au angalau nilikuwa na neno la kuanzia. Lakini kwa desturi jibu la mkwe halirushwi mlangoni. Hupokelewa na mke, naye ndiye hulifikisha. Nikamngoja mke wangu atoke alichukue. Nilimsikia yuko pale pale ndani, karibu na mama yake, amesimama. Hakutoka.